Mali Bila Daftari: Makumbusho Yetu Yanahifadhi Nini?

Mwaka 1953 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, aliingia katika makumbusho ya mji wa Bremen, Ujerumani, akitafuta kichwa cha mtu mmoja. Mtu huyo ni Mkwawa, mtawala wa Wahehe, aliyejiua kwa risasi mwaka 1898 ili asitiwe mbaroni na Wajerumani akiwa hai. Walipoikuta maiti yake waliikata kichwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, uliiagiza Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Ikapita miaka 34.

Pale Bremen Twining aliyakuta mafuvu yapatayo 2,000. Kati yake, 84 yalikuwa yametoka katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Kwa kuwa hapakuwa na jina la kumwongoza, ilibidi kutumia vipimo. Yakachaguliwa yale yaliyokaribiana na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, na kati ya hayo likachukuliwa moja lenye tundu la risasi. Mwaka 1954 fuvu hilo likarejeshwa Kalenga, karibu na Iringa, ambako liko mpaka leo katika makumbusho madogo yaliyojengwa kwa ajili yake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ni methali ya wenye maduka na mashamba, lakini sijui kauli nyingine inayoeleza vizuri zaidi kazi ya makumbusho na udhaifu wake. Tunapozungumzia kuhifadhi urithi wa taifa, mara nyingi tunazungumzia majengo, viingilio, watalii na vitu vilivyochukuliwa na wakoloni. Yote hayo ni ya maana. Ila chini yake kuna swali linalotangulia: kitu hiki ni nini, kilikuwa cha nani, kilifikaje hapa, na nani ameandika habari zake? Makumbusho yanayojibu swali hilo yana hazina. Yasiyolijibu yana stoo iliyojaa vitu.

Neno na kazi yake

Kiswahili kiliipa nyumba hii jina kutokana na kazi yake. Makumbusho ni mahali pa kukumbusha, na ili mtu akumbushwe lazima awepo anayejua. Kinu kilichowekwa kabatini hakimkumbushi lolote mtoto ambaye hajawahi kusikia mlio wa mchi. Atakumbushwa na maelezo: kinu cha mti gani, kilichongwa wapi, kilitwanga nini, na kwa nini kimechakaa upande mmoja.

Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipokutana Prague mwaka 2022 lilipitisha tafsiri mpya ya makumbusho. Inasema ni taasisi ya kudumu isiyotafuta faida, inayoitumikia jamii kwa kutafiti, kukusanya, kuhifadhi, kufasiri na kuonesha urithi unaoshikika na usioshikika. Tazama mpangilio wa kazi hizo. Utafiti umetajwa kabla ya ukusanyaji, na maonesho yamekuja mwisho, ilhali kwa mgeni anayepita mlangoni maonesho ndiyo makumbusho yenyewe.

Mfano wa kitu kilichoandikwa vizuri tunao Dar es Salaam. Tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, Mary Leakey aliona kipande cha mfupa kikichungulia kwenye mteremko. Lilikuwa fuvu la kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi miaka milioni 1.75 iliyopita. Likaitwa Zinjanthropus, kwa jina la kale ambalo Waarabu waliliita eneo letu la pwani, lakini wataalamu hulijua pia kwa namba, OH 5, yaani mabaki ya tano ya jamii ya binadamu kutoka Olduvai. Namba hiyo ni mstari katika daftari. Inamwambia mtafiti yeyote duniani lilipatikana wapi, katika tabaka gani la udongo, na mifupa gani ya wanyama na zana gani za mawe zilikuwa jirani nalo. Fuvu lilikaa Nairobi kwa uchunguzi na mwaka 1965 likaletwa Dar es Salaam, kwenye Makumbusho ya Taifa. Lingeondolewa habari hizo, lingebaki mfupa wenye meno makubwa, kitu cha kushangaza na si cha kufundisha.

Kalamu ilikuwa mkononi mwa nani

Makumbusho ya Afrika Mashariki hayakuanzishwa na wale ambao vitu vyao viliwekwa ndani. Ya Uganda yalianza mwaka 1908 chini ya utawala wa Waingereza. Ya Nairobi yalianza mwaka 1910 kwa juhudi za chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe, wengi wao walowezi na maofisa, na mwaka 1930 yakafunguliwa upya kwa jina la gavana Coryndon. Zanzibar ilipata Beit el Amani mwaka 1925, jengo la kumbukumbu ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Yale ya Dar es Salaam yaliasisiwa mwaka 1934, yakafunguliwa kwa umma mwaka 1940 kama kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano.

Wakusanyaji wa enzi hizo walikuwa maofisa, wamisionari, wanajeshi na wasomi. Walikuwa na madaftari, tena mazuri, lakini waliyaandika kwa jicho lao. Jina la ofisa aliyeleta kigoda limo, tarehe imo, wilaya imo. Jina la fundi aliyekichonga halimo. Mara nyingi halimo hata jina la mwenyewe aliyekikalia, wala namna kilivyotoka mikononi mwake, kama kilinunuliwa, kilitolewa zawadi au kilichukuliwa baada ya kijiji kuchomwa moto. Katika makumbusho moja niliwahi kusimama mbele ya kibuyu kizuri kilichoshonewa shanga. Maelezo yake yote yalikuwa maneno mawili: kibuyu, na jina la mkoa. Nilisimama muda mrefu nikizitazama zile shanga, nikijua kwamba mpangilio wa rangi zake ulikuwa na maana kwa aliyezipanga, na kwamba maana hiyo haikupata mtu wa kuiandika.

Baada ya uhuru kalamu ilianza kubadilisha mikono. Uganda, mwaka uleule wa uhuru wake, 1962, ilirejeshewa kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Buganda, yaliyopelekwa huko na mmisionari John Roscoe mwanzoni mwa karne. Tanzania ilijenga Kijiji cha Makumbusho nje kidogo ya katikati ya Dar es Salaam ili nyumba za jadi za makabila mbalimbali zionekane kwa ukubwa wake halisi. Mwaka 1977 ukumbi lilimopitishwa Azimio la Arusha la 1967 ukageuzwa makumbusho ya Azimio hilo. Songea ikapata makumbusho ya Vita vya Majimaji, na Butiama mwaka 1999 ikapata ya Mwalimu Nyerere. Sheria ya mwaka 1980 iliyapa Makumbusho ya Taifa mamlaka yake.

Mabadiliko hayo yaliongeza sura mpya katika hadithi ya taifa. Hayakuzirekebisha zile za zamani. Vitu vilivyokusanywa kabla ya uhuru vilibaki na kadi zilezile, na kazi ya kurudi vijijini kuuliza habari zake ni kazi ya miaka mingi inayohitaji watu, magari, vinasa sauti na uvumilivu. Kila mwaka unaopita huondoka na wazee ambao wangeweza kujibu.

Mahali ambapo mstari mmoja uliokoa kitu

Faida ya kumbukumbu huonekana siku ya shida. Mwaka 1984 vitu kadhaa viliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Kimoja kilikuwa kinyago cha Kimakonde. Mwaka uliofuata kinyago hicho kilinunuliwa mjini Paris na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 ikabainika kwamba ndicho kile kilichoibwa. Mazungumzo yalichukua miaka 20, na mwaka 2010 kinyago kikarudi Tanzania. Yako mambo mengi ya kisheria katika kisa hicho, lakini msingi wake ni mmoja: Tanzania iliweza kuonesha kwamba kinyago hiki, si kingine kinachofanana nacho, kilikuwa katika mikusanyo yake na kilitoweka kwa wizi.

Linganisha na vigango vya Wamijikenda wa pwani ya Kenya. Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, husimamishwa kwa heshima ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu, na hakiondolewi mahali pake. Katika miaka ya 1970 na 1980 vigango viling'olewa kwa mamia, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya sanaa na kuishia katika nyumba za matajiri na makumbusho ya Marekani. Familia zilijua vimeibwa, ila hazikuwa na la kuonesha. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka mingi ikapita, akakiona kimojawapo Marekani, na kwa ushirikiano na mwenzake Linda Giles cha pili kikapatikana katika chuo kikuu cha Hampton. Picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi. Mwaka 2007 familia ilivipokea vigango vyake. Vigango vingine vingi havikuwahi kupigwa picha, na ndugu wa marehemu hawana hati ya kudai.

Kisa cha tatu kinaumiza zaidi. Berlin iliyachunguza mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki wakati wa ukoloni, na mwaka 2023 ikatangaza matokeo: 904 yametoka Rwanda, 202 Tanzania na 22 Kenya, huku saba yakijulikana tu kuwa ni ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Mafuvu matatu yaliunganishwa kwa vipimo vya vinasaba na familia za Wachaga zilizo hai leo Kilimanjaro. Moja lilikuwa la akida wa Mangi Meli, yule mtawala wa Moshi aliyenyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900. Njia ya kumfikia ilianzia kwenye neno lililoandikwa juu ya mfupa wenyewe: Akida. Aliyeliandika hakukusudia kuwafariji wajukuu. Alikuwa akiorodhesha. Hata hivyo neno hilo, miaka zaidi ya 120 baadaye, liliwafikisha watafiti kwenye mlango wa nyumba ya ndugu zake. Kichwa cha Mangi Meli mwenyewe, ambacho familia yake inakitafuta, hakijapatikana.

Vilivyo ng'ambo

Tunapotazama nje ya mipaka, idadi ni kubwa. Makumbusho ya mila na tamaduni ya Berlin peke yake yana vitu takriban 10,000 kutoka Tanzania. Mradi wa pamoja uliowashirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Ujerumani uliorodhesha vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyomo katika taasisi za ng'ambo. Ndani ya British Museum, London, imo Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyofika huko zaidi ya miaka 100 iliyopita. Jumba la viumbe la Berlin limesimamisha mifupa ya mjusi mkubwa wa kale mwenye kimo cha mita 13.27, aliyefukuliwa Tendaguru, Lindi.

Kisa cha Tendaguru kinastahili kuelezwa kwa utulivu. Kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani walifukua huko zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe. Mamia ya vibarua walichimba, wakaifunga mifupa kwa udongo na mianzi, na wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Vita vya Majimaji vilikuwa vimemalizika mwaka 1907, na njaa iliyovifuata ilikuwa bado mbichi katika kumbukumbu za watu wa kusini. Kwa miaka mingi habari hii ilisimuliwa kama ushindi wa sayansi ya Ulaya. Lakini madaftari ya uchimbaji yalikuwa na jina la msimamizi Mwafrika, Boheti bin Amrani, aliyeiva katika kazi ya kufukua na kutayarisha mifupa. Mwaka 2007 mjusi mmoja wa Tendaguru alipewa jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Jina lilikuwa limekaa kwenye karatasi karibu karne nzima likimsubiri wa kulisoma.

Sheria za kimataifa hazitusaidii sana hapa. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1977, unazuia biashara haramu ya malikale, lakini haurudi nyuma kushughulikia yaliyotendeka wakati wa ukoloni. Kwa hiyo urejeshaji hutegemea mazungumzo, utashi wa kisiasa na shinikizo la wananchi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea, mbele ya wajukuu wa mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906, akaomba msamaha na kuahidi juhudi za kutafuta kichwa cha mmoja wao, Nduna Songea Mbano. Msamaha huo ulikuwa na uzito. Utafutaji wenyewe, hata hivyo, unarudi palepale: kwenye rafu, kwenye orodha, kwenye namba zisizo na majina.

Ndiyo maana naiona hatua ya Ubelgiji ya Februari 2022 kuwa na maana zaidi kuliko ilivyoonekana. Kabla ya kurejesha shehena, iliikabidhi serikali ya Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyomo katika makumbusho ya Tervuren. Mwenye mali alipewa kwanza daftari. Miezi michache baadaye, Juni 2022, Mfalme Philippe alipeleka Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, lakini kwa mkopo usio na kikomo. Cambridge nayo mwaka 2024 ilipeleka Uganda vitu 39 kwa mkopo. Wapo wanaosema mkopo ni afadhali kuliko kukosa kabisa, na kweli mtu wa Kampala sasa anaweza kukiona kitu cha babu zake. Mimi naona tofauti hiyo haiwezi kufumbiwa macho. Katika mkopo kitu kinahama, daftari halihami. Safu ya mmiliki inabaki na jina lilelile la zamani, na mwenye asili anaandikwa kama mwazimaji wa kilicho chake.

Uharibifu wa nyumbani

Wanaopinga urejeshaji hupenda kuuliza kama tuna uwezo wa kutunza. Swali hilo hutumika vibaya, kwani mwizi hana haki ya kuikagua nyumba ya aliyemwibia. Lakini sisi wenyewe tunapaswa kulijibu, kwa ajili yetu.

Hewa ya pwani ina joto, unyevu na chumvi. Chuma hula kutu, karatasi huota kuvu, na ubao huvimba masika na kusinyaa kiangazi mpaka ukapasuka. Nondo hula nguo, mchwa hupanda kutoka ardhini, na wako wadudu wanaozibungua mbao kwa ndani bila kuonekana, hadi siku utakapokishika kinyago na kukuta unga mkononi. Dawa zake si siri wala si lazima ziwe ghali. Kitu kilichoshambuliwa hufungwa kwenye plastiki na kugandishwa kwenye friza kwa majuma mawili. Rafu huinuliwa kutoka sakafuni na kutengwa na ukuta. Mapazia hupunguza mwanga unaofifisha rangi. Kinachohitajika zaidi ni mtu wa kupita kila siku, kutazama na kuandika alichokiona.

Hapa pia daftari linaokoa. Zamani makumbusho ya Ulaya yalinyunyizia vitu vya ngozi, manyoya na mbao sumu kali ikiwemo arseniki ili kuua wadudu, na sumu hiyo haijatoka. Kitu kikirudi leo bila rekodi ya dawa kilizopakwa, mzee atakayekishika kwa mikono mitupu katika tambiko anaweza kudhurika.

Majengo nayo ni malikale. Fort Jesus ya Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, ilitumika kama gereza kwa zaidi ya miaka 60 kabla ya kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1962. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, kasri la Sultani Barghash la mwaka 1883, lilitumika kama makumbusho na mamia ya wanafunzi walipita chini ya nguzo zake. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika ukarabati, sehemu yake kubwa iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, na maji yakishapenya darini boriti huoza taratibu na kuta hubaki bila kishikizo. Uharibifu wa namna hiyo huja kidogo kidogo, na kila hatua yake inaweza kupimwa na kurekodiwa kabla ya siku ya msiba.

Wakati mwingine njia bora ya kuhifadhi ni kufukia. Nyayo za Laetoli, zilizoachwa na viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.66 iliyopita, zilipimwa, zikapigwa picha, kisha zikafunikwa tena kwa udongo. Baadaye mizizi ya migunga iliyoota juu yake ilianza kuzitishia, na katika miaka ya 1990 zikafunikwa upya kwa utaalamu zaidi. Mombasa nako, mabaki ya meli ya Kireno ya Santo António de Tanná, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, yalichunguzwa chini ya maji kati ya mwaka 1977 na 1980. Vyombo vyake viliopolewa na kuoneshwa ngomeni, na mbao za mwili wa meli zikaachwa na kufunikwa palepale baharini. Mgeni hazioni nyayo wala mbao hizo, lakini kumbukumbu yake iko salama kwa kuwa kila kipimo kiliandikwa.

Elimu iliyo mikononi na midomoni

Kuna sehemu ya urithi ambayo kabati haliiwezi. Katika makumbusho ya Lamu zimo siwa mbili mashuhuri, ya Pate ya pembe ya ndovu na ya Lamu ya shaba. Siwa ni chombo cha kupulizwa, kilichotoa sauti katika harusi za wakubwa na kutawazwa kwa watawala. Unaweza kuipima urefu na uzito, lakini pumzi yake, ni nani aliruhusiwa kuipuliza na kwa mlio gani, hayo hukaa kwa watu. Mtepe ni vivyo hivyo. Chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari kinaweza kuchongewa mfano. Mkono unaojua kukaza kamba ile ukiondoka bila mwanafunzi, mfano hautamfundisha mtu.

Wapo waliolielewa hilo mapema. Bujora, karibu na Mwanza, makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa kwa juhudi za padri David Clement yanasimama pamoja na sherehe ya Bulabo, ambako vikundi vya ngoma vya Wagika na Wagalu hushindana kila Juni. Ngoma iliyo ndani ya jengo na ngoma inayopigwa uwanjani zinajuana. Kijiji cha Makumbusho cha Dar es Salaam nacho kimekuwa na Siku za Makabila, ambapo watu wa kabila husika huja wenyewe, wakapika, wakacheza na kueleza. Siku hizo mwenye elimu anakuwa mwenye mali, na mhifadhi anakaa kusikiliza.

Kuandika nako kuna mipaka yake. Yako mambo ya unyago, ya jando na ya kaya za Mijikenda ambayo hayakusudiwi kusomwa na kila mpita njia. Daftari la heshima lina kurasa zinazofungwa, na ufunguo wake uko kwa jamii yenyewe. Kukubali hilo ni sehemu ya uhifadhi, kwa sababu chanzo kikubwa cha wizi wa vigango kilikuwa ni watu kuviona kama sanaa ya kuning'iniza ukutani.

Tuanzie wapi

Wako wanaosema tuanze na fedha: tujenge kumbi za kisasa, tuweke viyoyozi, tuvutie watalii, mengine yatafuata. Siwapuuzi. Kinshasa ilipata jengo jipya la makumbusho ya taifa mwaka 2019 kwa msaada wa Korea Kusini, na bila jengo kama hilo mjadala wa urejeshaji ungekuwa mgumu zaidi. Lakini ukumbi mzuri unaojazwa vitu visivyojulikana habari zake utakuwa umeongeza gharama ya umeme bila kuongeza kumbukumbu.

Naanza na daftari kwa sababu liko ndani ya uwezo wetu leo. Kila kitu kilicho stoo kipigwe picha, kipewe namba, kiandikwe kwa Kiswahili na kwa jina lake katika lugha ya waliokitengeneza, kwani jina la asili mara nyingi ndilo linalobeba matumizi yake. Picha zipelekwe vijijini, wazee waulizwe, sauti zao zirekodiwe na nakala ibaki kijijini. Halmashauri, misikiti, makanisa na familia zenye vitu vya kale zifundishwe kuorodhesha zilivyo navyo bila hofu kwamba kuandika ni kunyang'anywa. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliona mbali, ikailinda hata milango na miimo iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Lakini mlango usio na picha wala kipimo, ukishavuka bandari, hakuna atakayeweza kuapa kwamba ulitoka katika mtaa huu. Na kwa wenye mikusanyo ya ng'ambo dai letu la kwanza liwe wazi: tupeni madaftari yenu yote, pamoja na barua na shajara za waliochukua, ili tuyasome kwa macho yetu na kuyajibu kwa kalamu yetu.

Kazi hiyo haina utepe wa kukatwa wala picha ya gazetini. Itafanywa na vijana wenye glavu na penseli, katika vyumba vyenye joto, wakiandika mistari ambayo pengine hakuna atakayeisoma mpaka wao wenyewe wawe wazee. Aliyemwandika Boheti bin Amrani hakujua nani atalisoma jina lake.

Narudi Bremen. Kati ya mafuvu yale 84 yaliyotoka kwetu, moja lilichaguliwa, likavushwa bahari na kupokewa Kalenga kama kichwa cha Mkwawa. Tunafanya vizuri kulienzi. Lakini 83 yaliyobaki kwenye rafu siku ile nayo yalikuwa vichwa vya watu, na watu hao walikuwa na mama, na majina waliyopewa na mama zao. Nani aliwaandika?